Mguu Mfupi wa Kishindo

Siku ya tatu uji uliporudi jikoni kama ulivyokwenda, umeshafanya utando juu, fundi viatu aliliweka bakuli mezani, akajishika kiuno, akauambia ukuta:

"Haya. Na huyu naye wanataka kumchukua."

Tangu mke wake afariki, miezi mitano sasa, mashtaka yake yote aliyapeleka kwa ukuta. Ukuta haukumwambia arudi kesho, wala haukumwomba nakala mbili. Na hao aliowashtaki walikuwa wengi: wenye mihuri, wenye viti vya kuzunguka, wale waliosema gari la wagonjwa halina mafuta siku ile mkewe alipobanwa na kifua, huku magari yao yakinguruma uani, viyoyozi vimewashwa, ndani hamna mtu. Fundi aliishia darasa la nne. Lakini hilo halikuhitaji darasa.

Sasa nyumbani walibaki wawili, na wawili wenyewe ndio wale wasiopatana: yeye na mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa fundi cherehani enzi zake, mwenye ulimi uliokata kuliko mkasi wake. Alitaka mkwe wa ofisini mwenye tai, akapata wa kibarazani mwenye gundi kwenye kucha, na kwa miaka thelathini na moja hakuchoka kumkumbusha. Walisalimiana kwa adabu, wakakwepana kwa adabu, na mke akawa katikati yao kama bitana ya koti, asiache kitambaa kikwaruze ngozi. Bitana imetoka. Fundi alikuwa akimwekea mkwewe bakuli, akisema "Karibu, Mama," kisha anatoka upesi kwenda kwenye viatu vyake.

Na siku hizi akili ya bibi ilikuwa inakwenda na kurudi. Asubuhi alimjua mkwewe vizuri. Kufika mchana ameshajiona mteja wake.

"Fundi, viatu vyangu bado tu?"

"Bado, Mama. Kesho."

"Kesho yako hiyo imeshaota ndevu."

Hayo fundi aliyazoea. Asichokijua ni hili jipya la kutokula. Ukimpelekea kijiko mdomoni, bibi anafumba mdomo kama mkoba, anasema, "Kishindo kwanza." Basi. Hata umbembeleze vipi.

Jumanne akaja muuguzi wa zahanati, binti mpole anayezunguka majumbani na mizani begani. Akampima bibi, akasoma, akasoma tena.

"Baba, Mama amepungua sana. Ijumaa asubuhi narudi. Nikikuta bado hataki kula, itabidi alazwe, apitishiwe mpira puani."

"Alazwe wapi?"

"Hospitali kuu. Kwani kuna nyingine, baba?"

Fundi aliliona akilini lile geti jekundu, geti ambalo mkewe hakulifikia.

"Huko hapelekwi."

"Basi ale," binti akasema, akabeba mizani yake.

Muuguzi alipoondoka, kwa mara ya kwanza fundi alivuta kiti akaketi mbele ya mkwewe.

"Mama, huyu Kishindo ni nani?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyeuliza jua ni kitu gani. "Si dude la mtoto! Kalitengeneza mwenyewe, siku mbili kajificha nyuma ya mashine yangu. Katika nyumba hii hali mtu mpaka hilo dude lile kwanza. Kijiko kimoja lenyewe, ndiyo na sisi tunaanza."

Mtoto ni mke wake fundi. Alikwenda kaburini ana miaka hamsini na minane, lakini kwa mama yake alikuwa amerudi kuwa wa miaka saba, yuko chumba cha pili anaosha mikono. Fundi akasogea karibu.

"Lilikuwaje, Mama?"

"Baya."

"Baya vipi?"

"Baya kabisa! Pembe tatu. Mabawa mawili, lakini haliruki, zito. Macho vifungo vya koti la mteja, alivikata koti liko kwenye mashine. Nilimchapa siku hiyo." Bibi akacheka mpaka akajifuta macho. "Meno zipu."

"Na mdomo ulikuwa unafunguka?"

"Sasa usipofunguka litakulaje? Fundi, wewe una akili kweli?"

Hakuwa amecheka hivyo tangu msiba. Fundi alinyanyuka, akafagia viatu vya watu juu ya meza ya kazi, akaanza.

Kwa kichwa alichukua kisanduku cha sabuni, kile cha plastiki chenye kifuniko na bawaba yake, kikawa taya. Kwenye kingo akabandika zipu ya buti lililokosa mwenyewe, upande huku na upande huku, meno yakakutana sawasawa. Pembe tatu zikatoka kwenye mipini ya miswaki iliyochakaa, aliyoilainisha kwa moto wa mshumaa akaipinda. Mwili ni soli za kandambili, moja juu ya nyingine, zimekatwa kwa kisu na kushonwa kwa uzi wa nta. Tumboni akaficha kichupa cha dawa ya kikohozi, na kooni akapitisha kipande cha mpira, ili uji ukiingia mdomoni uwe na mahali pa kwenda. Mikono na mabawa yalikuwa njiti za mwavuli, maana mwavuli umeumbwa na viungo tayari, kiwiko hiki hapa, bega hili hapa, vinakunjuka na kukunjika bila ubishi. Miguu akaifanya kwa vibanio vya nguo vya mbao, na macho akabandika vifungo viwili vya koti.

Yalibaki mabawa kuvikwa. Alizunguka nyumba nzima akitafuta kitambaa, akijua fika anachokikwepa. Kilemba cha bluu cha mkewe kilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale alipokitundika mwenyewe mara ya mwisho. Alikishusha. Alikishika kitambo. Kisha akakata pembe moja tu, ile iliyokwisha kuchanika, kinachobaki akakirudisha kwenye msumari.

Mwisho akasawazisha miguu. Kama kuna kitu fundi alikijua duniani, ni kusawazisha. Mteja akivua kiatu, yeye husoma kisigino: huyu anaelemea kulia, huyu ana nyonga. Na ugomvi wake na wakubwa, ukiutazama vizuri, ulikuwa huo huo. Kazi ya upande upande. Ngazi za zahanati ambazo kila moja ina kimo chake, mtaro uliochimbwa maji yapande mlima, karatasi inayosainiwa huku na kulala kule. Yeye hakuwahi kutoa kiatu kinachoyumba mkononi mwake. Basi alipiga msasa, akapima, akapiga tena, akaliweka dude juu ya kioo, akatikisa meza kwa magoti. Halikuyumba hata kidogo. Aliligeuza mkono juu, bawa nje, mdomo wazi. Zuri, lina kutisha kwake.

Jumatano mchana akalipeleka mezani na uji wa moto.

Bibi alivaa miwani. Alilitazama kutoka pembe hadi miguu.

"Karibu, mgeni," akasema. Ilikuwa ile adabu yenyewe, ya baridi, aliyompa fundi kwa miaka thelathini na moja. "Umetoka mbali?"

"Mama, huyu ni Kishindo."

"Kishindo nisimjue? Huyu kasimama kama mlinzi wa benki." Akamgeukia fundi, akapunguza sauti asimwaibishe mgeni. "Mtanashati, lakini. Ana kazi?"

Uji ulirudi jikoni.

Alhamisi fundi alimaliza saa nzima akiitazama simu. Mbali na bibi, mtu mmoja tu aliye hai alipata kumwona Kishindo, naye ni shemeji yake, kaka wa marehemu, mkuu wa magari katika ofisi za mji. Ndiyo, magari. Siku ya mazishi shemeji alinyoosha mkono mbele ya watu wote na fundi akauacha hewani. Tangu hapo, kila shemeji alipokuja kumwona mama yake, fundi alitokea mlango wa nyuma.

Akabonyeza.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Sauti ya shemeji ikaja imekonda. "Mama?"

"Mama yupo. Sikukupigia kwa baya. Nauliza habari za Kishindo."

Upande wa pili ukatoka mlio ambao fundi hakujua ni kicheko au ni kitu kingine. "Lile dude! Nani kakwambia habari zake?"

"Mama hataki kula mpaka lile kwanza. Nimelitengeneza jipya. Anasema silo."

"Linasimama?"

"Linasimama vizuri sana."

"Hapo ndipo ulipoharibu, shemeji. Kishindo hakuwahi kusimama. Nililikalia, mguu wake wa kibanio ukavunjika, dada akauchonga ukawa mfupi. Tangu siku hiyo likawa linaegemea kikombe cha Mama. Mama akinyanyua kikombe tu, dude chini, puu! Ndipo likapata jina."

"Sasa kwa nini hakuutengeneza vizuri? Vibanio vilikuwepo."

"Na mimi nilimuuliza. Nilimletea kibanio kizima tupatane, akakitupa." Shemeji akavuta pumzi. "Unamjua Mama na mashine yake. Alikuwa anatuwekea chakula anarudi kushona, hata hatumwoni. Dude lilipoanza kuegemea kikombe, ikabidi akae. Akiondoka linaanguka na dada analia. Anakaa hapo, mkono kwenye kikombe, mpaka tumalize kula. Dada alijua anachokifanya."

Fundi alikuwa anayatazama mabakuli jikoni, na njia fupi aliyozoea kuipita, meza hadi mlangoni.

"Shemeji," sauti ikasema, "siku ile mafuta nilisaini. Saa tatu asubuhi. Karatasi ilikaa mezani kwa mwingine."

"Siku zote iko mezani kwa mwingine."

"Ndiyo. Na mimi sikuinuka kuifuata."

Lile neno alilolinoa kwa miezi mitano lilikuwa pale pale ulimini, na mwenye kulistahili yuko sikioni. Fundi alilishika, akaliona zito kuliko alivyofikiri, akaliweka.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Mfupi kiasi gani?"

"Kama ukucha wa kidole gumba."

"Haya." Akakaribia kukata, akarudi. "Jumapili njoo umwone. Na usije na gari la ofisi."

"Nitakuja kwa miguu."

"Kwa viatu vyako vile utachelewa."

Ijumaa asubuhi alikaa na dude mapajani na msumeno mdogo mkononi, na mkono ukakataa. Miaka yote hiyo aliongeza: kipande hapa, raba pale, mtu atembee sawa. Kupunguza makusudi, kuharibu kitu kilichokwisha kukaa sawa, hakujua hata pa kuanzia. Alipima kwa ukucha wake. Akauona mkubwa. Akakumbuka kidole cha mtoto wa miaka saba, akapima nusu yake. Akakata. Kipande kikaruka sakafuni. Alikiokota, akakitia mfuko wa shati.

Aliliweka dude mezani. Likainama taratibu kama mtu anayetaka kusema siri, kisha likaenda chini. Puu!

"Taratibu na huyo!" bibi akapiga kelele kutoka chumbani. "Mtamvunja tena!"

Alikuja mwenyewe, akishika ukuta, hajavaa hata miwani. Aliliokota kabla fundi hajainama, akalipangusa pembe kwa upande wa gauni, akasugua kile kipande cha bluu cha bawa kati ya vidole viwili, kama anayepima kitambaa cha mteja. Alisugua muda mrefu.

"Kaa," akamwambia fundi.

"Nakuletea uji, Mama, halafu kuna viatu vya…"

"Nimesema kaa. Lete uji ukae."

Akaleta uji, akaleta na chai yake, akakaa. Bibi hakuliegemeza dude kwenye kikombe chake mwenyewe. Alilisogeza hadi ng'ambo ya meza, akalilaza bega kwenye kikombe cha fundi, akaushika mkono wa fundi wenye gundi na kuuweka kwenye kishikio chake.

"Ukinyanyuka tu, linaanguka."

"Naona, Mama."

Akafungua taya la kisanduku cha sabuni, akamimina kijiko cha kwanza. Uji ukapita kooni, ukasikika ukitua kwenye kichupa. Bibi akatikisa kichwa, ameridhika. Kijiko cha pili akakila yeye. Cha tatu akakila yeye. Cha nne akakinyoosha juu ya meza, kikidondoka, mpaka mdomoni mwa mkwewe. Fundi, ambaye tangu msiba alikuwa anakula wima jikoni kama farasi, alifungua mdomo.

Uji ulipokaribia kwisha, mlango ukagongwa.

"Hodi! Ni mimi, wa mizani."

"Ingia tu, binti," fundi akaita. "Mlango uko wazi. Mimi siwezi kunyanyuka."

Muuguzi akaingia, akasimama na mizani begani, akitazama bibi anavyokwangua bakuli, na zimwi la pembe tatu lililolalia kikombe, na mwanamume mzima aliyekishika kikombe hicho kwa mikono miwili. Chai yake ilikuwa imeshapoa.

"Fundi," bibi akasema, bila kuinua macho, "viatu vyangu bado tu?"

"Bado, Mama."

"Basi usiharakishe."