Uso wa Meza

Saa nne kasoro robo asubuhi meza ilikuwa imeshaingia chumbani, nayo ilikuwa imegeuzwa.

Mkalimani alisimama mlangoni, taulo kichwani, droo zikimkodolea macho. Saa nne kamili jopo la usaili lingempigia kwa video. Kazi yenyewe ilikuwa ya ukalimani wa kufanyia nyumbani, yenye masharti mawili: nyuma yake pawe na ukuta, pasipite watu, na chumbani awe peke yake. Tangu mkataba wake wa mwisho uishe, hakuna kwingine alikoitwa.

"Nilisema mgongo wa meza uelekee mlangoni!"

"Si ndio huo?" alijibu dada wa mumewe kutoka upande wa dirisha. Wifi huyu alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake haukuwa na breki. "Kitambaa kina uso na mgongo. Uso ni upande wanaouona watu. Droo huwaonyeshi watu, wifi. Droo ndio mgongo."

"Uso ni pale ninapokaa mimi!"

"Kumbe unakalia uso? Mwenzako nakalia kwingine."

Mume alicheka, akatazamwa, akaacha.

Kuigeuza hakukuwezekana. Meza ilijaa kutoka ukutani hadi kabatini. Ili izunguke ilibidi irudi kwanza ukumbini, na kuiingiza tu kulikuwa kumemaliza asubuhi yote. Upande wa pili ulizibwa kwa ubao hadi sakafuni, magoti hayakuwa na pa kwenda. Mkalimani alipima kwa macho. Mlango ulifungukia ndani. Ukifungwa, nao ni ukuta.

"Toa suruali zako mlangoni," alimwambia mumewe. "Zote. Na msumari."

"Msumari nao umekosa nini?"

"Toka, baba."

Mlango ukafungwa, kiti kikauegemea. Alikuwa ndiyo kwanza amevua taulo na kuvaa koti juu ya gauni la nyumbani, kompyuta ikaita. Hapo ndipo alipomwona wifi bado yuko ng'ambo ya meza, nyuma yake dirisha la nondo.

"Chuchumaa," alinong'ona. "Na usikohoe."

Jopo lilikuwa la watu watatu. Maswali ya mwanzo yalipita salama. Kisha mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, akasema: "Tupe neno la kawaida linaloweza kumponza mkalimani."

"Uso," alisema, maana jambo lilikuwa bado la moto, akaeleza kisa cha meza. "Aliyeigeuza alikosea."

"Sikukosea!" sauti ilitoka chini ya dirisha.

"Nani huyo?" mwenyekiti aliuliza.

Angeweza kusema redio. Angeweza kusema jirani.

"Ni wifi yangu. Meza imemfungia ndani."

"Mgeuzie kamera. Aeleze, nawe umfasirie mwenzetu huyu. Kiswahili hajui hata salamu."

Wifi hakubembelezwa. Alieleza uso na mgongo, pindo na mshono, akaeleza na jinsi mke wa kaka yake anavyotoa amri kutoka bafuni, mdomo umejaa povu la dawa ya meno. Mkalimani alifasiri sentensi kwa sentensi, povu na lile la kukalia uso pamoja, asijitetee hata kwa neno moja. Yule asiyejua Kiswahili alicheka pale pale walipocheka wenzake.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta.

"Unaanza Jumatatu, saa mbili asubuhi. Wifi asiwepo."

"Hata kuleta chai?" aliuliza wifi.

Jopo lilikata simu.