Barafu ya Sangara

Umeme ulikatika asubuhi, na friji la maabara likanyamaza. Ndani yake kilikuwemo kichupa kimoja cha kimeng'enya, kile kinachoitambua sukari kwenye damu. Kashindye, mwanafunzi mtafiti, alikuwa amekihangaikia mwaka mzima. Kikipata joto, basi tena.

Mlango ukagongwa. Akaingia mama asiyemjua, boksi la samaki kichwani, maji yakimchuruzika mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayelilia friji? Mihayo mlinzi wenu kaja kununua samaki kwangu Mkuyuni, anasema binti wa sukari analia kama kafiwa." Akalitua boksi. Ndani barafu tupu.

"Na sangara wako?"

"Wako juani, leo nitawauza bei ya kutupa. Hicho kidude chako kiko wapi, au tungoje kinuke kama furu aliyeoza?"

Wakakifukia kichupa barafuni. Mama yule aliitwa Akeyo, wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, mmoja wa wanawake ishirini waliojiandikisha zahanati kuchomwa vidole kesho yake kwa ajili ya utafiti wa Kashindye.

"Nikulipe nini, mama?"

"Urudi. Wanaochukua damu yetu wakishavuka maji hatuwaoni tena. Jumapili uje utuambie, iwe heri iwe shari."

"Nitakuja."

Kimeng'enya kilipona. Kashindye akakinasisha kwenye utando wa plastiki ipitishayo umeme, kiwe kipimo cha sukari, akavuka ziwa, akawapima wanawake wote ishirini. Nesi naye akawapima kwa mashine ya zahanati. Ijumaa akalinganisha. Vipimo vyake saba vilikuwa vimedanganya.

"Usiende," mwalimu wake, Nestory, akamsihi. "Turekebishe kwanza. Wakisikia watajitoa, na wakibaki chini ya kumi na tano tunaanza upya."

Usiku ule Kashindye alilikumbuka boksi lile, na sangara walioachwa juani.

Jumapili alipanda kivuko cha kwanza. Akawaambia yote, bila kupamba.

"Kwa hiyo damu yangu imekwenda bure?" mmoja akauliza.

"Haikwenda bure, mama. Imenionyesha nilipokosea. Lakini nimekosea."

Sita wakataka majina yao yafutwe. Kashindye akayafuta mbele yao, moja baada ya jingine, akimshukuru kila mmoja kwa jina lake. Wakabaki kumi na wanne.

Akeyo akamsogezea sahani ya sangara.

"Kula, mwanangu. Umerudi."