Shimo la Milimita Kumi na Sita

Diane alijua Jumamosi yake imeharibika alipotoka kufua na kukuta gari la baba yake mdogo limeegeshwa mbele ya mlango wao, Euless, saa tatu asubuhi. Kutoka Stafford, pembeni ya Houston, mpaka Euless ni mwendo wa saa nne na ushee, na mtu hafungi safari ya namna hiyo alfajiri kwa ajili ya kuja kunywa chai. Ameitwa. Na kwa kuwa Diane hakumwita, aliyemwita alijulikana.

"Mama, Baba Mdogo amefuata nini?" aliuliza jikoni, kapu la nguo bado liko kiunoni.

Concilie, mama yake, alikuwa anakaanga mayai na wala hakugeuka. "Nilimwambia una kazi ya kutoboa bati. Kutoboa bati ni kazi ya mwanaume, Diane. Ukiumia nitasema nini mimi?"

"I told you, Mama. Nilikwambia naifanya mwenyewe."

"Basi ameshakuja. Kamsalimie."

Kuumia! Diane alikuwa anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha Irving kinachotengeneza makabati ya umeme, yale ya chuma yanayofungwa ukutani na kujazwa swichi na nyaya. Huu ulikuwa mwaka wa nne, saa nane kwa siku, yeye na mashine ya kutoboa. Lakini nyumbani kwao neno lilikuwa moja tu, "kiwanda", na kiwanda kwa mama yake kilikuwa mahali pa kufunga maboksi. Hata matundu ya hewa arobaini na nane ambayo Diane aliyatoboa kwa mkono wake nyuma ya sanduku lake la bati, hilo hilo la kutobolewa leo, yote yamenyooka kwa mstari, mama aliyatazama akauliza ni duka gani lililomtobolea.

Sanduku lilitengenezwa na Nazaire, baba yake Diane, aliyekuwa fundi bati katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, kule Kigoma. Alikata makopo ya mafuta ya msaada, akayanyoosha kwa nyundo, akayaunga, na mbele, kila upande wa komeo, akagonga kwa ncha ya msumari mpaka vidoti vikawa ua. Alimtengenezea Diane mwaka alioanza sekondari. Nazaire mwenyewe hakupanda ndege. Alifariki mwaka mmoja kabla majina yao hayajabandikwa kwenye orodha ya wanaohamia Marekani, na katika kazi zote za mikono yake, ni sanduku hilo peke yake lililofika Texas. Kwa miaka saba lilikaa chini ya kitanda likitunza mablanketi.

Sasa lilikuwa linageuka kompyuta. Diane alikuwa ameanza masomo ya jioni ya kuchora hayo hayo makabati ya umeme, maana kiwandani anayechora hukaa kwenye kiti na anayetoboa husimama mpaka miguu ivimbe. Kompyuta ya kuchorea aliiunda mwenyewe, kifaa kimoja mwezi huu, kingine mwezi ujao, vyote ndani ya sanduku la baba yake. Nayo ilikuwa inafanya kazi. Ilikosa swichi tu, na kila akitaka kuiwasha ilimbidi agusishe vijiti viwili vya ndani kwa ncha ya bisibisi. Kilichobaki kilikuwa shimo moja la milimita kumi na sita, mbele, karibu na komeo. Hapo ukikosea umekosea, kwa sababu aliyelifua bati hilo hayupo wa kufua jingine. Wiki nzima alikuwa analipima na kulipima tena bila kuligusa.

Sebuleni, Jean-de-Dieu, baba yake mdogo, alikuwa ameshaliweka sanduku mezani na kupanga biti za drili yake pembeni kama daktari anayengoja mgonjwa. Alikuwa fundi wa hoteli huko Houston, mrekebishaji wa vitasa, mabomba na viyoyozi, na kwa kuwa hakuna mgeni wa hoteli aliyewahi kumrudishia kitasa, alijihesabu fundi wa kila kitu kilichopo chini ya jua.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mama. Hiki ndicho kimekushinda?"

"Hakijanishinda. Nilikuwa nangoja siku ya kutulia."

Jean-de-Dieu aliiokota swichi akaigeuzageuza. "Milimita ngapi hii?"

"Kumi na sita."

"Basi ni five-eighths ya inchi. Hesabu hizi natembea nazo kichwani. Kule tulifundishwa milimita, huku wenyewe wanataka inchi, na mimi nazijua zote mbili."

"Five-eighths inapungua kidogo, Baba Mdogo. Swichi haitaingia."

"Inapungua unywele! Utaisukuma tu."

"Halafu hiyo biti ni nene. Kwenye bati jembamba namna hii inang'ata, inachana. Mimi nimenunua hii." Akamwonyesha biti yake ya ngazi, nyembamba nchani na yenye vidaraja vinavyopanda, kila kidaraja kimechorwa milimita zake. Aliiagiza makusudi kwa ajili ya shimo hili moja.

Jean-de-Dieu aliishika kwa vidole viwili akaangua kicheko. "Huu si mti wa Krismasi huu? Concilie, njoo uone mtoto wako anataka kutobolea nini!"

Concilie alikuja na mwiko mkononi, akatazama, na yeye akacheka. Diane alihisi uso unamchoma. Cheko la baba mdogo angeweza kulivumilia, lakini la mama, ambaye hajui biti ni nini wala inashikwa wapi, lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Angejibu. Ila alilelewa kwamba baba akifa, mdogo wake ndiye baba, na baba aliyeendesha gari tangu alfajiri habishiwi kabla hata chai haijapoa. Akauma meno.

"Sawa. Lakini kwanza nitoe vitu vya ndani. Vumbi la chuma likidondokea kwenye board ya kompyuta, imekufa. Mnisubiri, tafadhali."

"Toa, toa. Nani anakukimbiza?"

Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, akachomoa nyaya, akaibeba board kwa mikono miwili mpaka chumbani na kuilaza kitandani juu ya kadibodi. Alikuwa anainyoosha feni isilalie nyaya aliposikia drili inaunguruma.

Alitoka mbio. Mama yake alikuwa amelikumbatia sanduku kwa nyuma, macho ameyafumba, na Jean-de-Dieu amelalia drili kwa uzito wa tumbo lake lote. Hakukuwa na ubao nyuma ya bati, hakukuwa na alama, hakukuwa na chochote. Biti iling'ata. Bati lilipiga kelele, sanduku likajipinda na kumponyoka Concilie, likaanguka sakafuni pamoja na drili.

"Stop! Stop it!" Diane alipiga kelele, lakini kilichokuwa cha kusimamishwa kilikuwa kimekwisha kutokea.

Shimo halikuwa shimo. Lilikuwa mdomo wa pembe tatu, kingo zimekunjamana kuelekea nje, na kutoka pembe moja mchano wenye urefu wa pingili ya kidole ulikuwa umeingia katika ua la kushoto na kukata vidoti vitano vya Nazaire.

Jean-de-Dieu aliliinua sanduku, akapuliza vumbi, akaichomeka swichi. Haikuingia. Akaisukuma kwa kiganja. Haikuingia.

"Bati lenyewe bovu," alisema. "Si unajua, la makopo hili. Lakini usijali, nitaweka three-quarters. Itapanua shimo na kufuta hicho kimchano."

Robo tatu ya inchi ni milimita kumi na tisa. Swichi ingetumbukia ndani, na ua lingeondoka nayo. Diane alimwona baba yake mdogo anakaza biti ile, nene kama kidole gumba, anainua drili, anajiweka sawa.

Kuna mambo ambayo mtoto wa Kirundi hafanyi hata akiwa amelewa, na kumpokonya mzazi kitu mkononi ni mojawapo. Diane aliipokonya ile drili. Aliivuta kwa nguvu mpaka Jean-de-Dieu akapepesuka na kushika meza.

"Diane!" Concilie alipiga ukelele. "Huyo ni baba yako!"

"Baba yangu ndiye aliyelifua hili sanduku!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyodhani anayo. "Na bati si bovu! Limebeba vitabu vyangu kwenye mvua za kambini, limetupwa ndani ya ndege tatu, halijachanika. Limechanika leo, mkononi mwako. Nilikwambia haitaingia. Nilikwambia itachana. Nilikwambia mnisubiri. Ulisikia lipi?"

Jean-de-Dieu alifungua mdomo.

"Sijamaliza! Mimi kazi yangu ni kutoboa chuma, Baba Mdogo. Mashimo mia tatu kwa zamu. Likikosewa moja narudishiwa kabati zima mbele ya watu. Miaka minne! Wewe ukija hapa unaniuliza naolewa lini. Mama kanisani anawaambia watu nafunga maboksi. Hamjui mikono hii inafanya nini, na hamjawahi kuuliza."

"Hukuniambia," alisema Concilie kwa sauti ndogo.

"Nilikuambia mara kumi, Mama. Unasikia neno mashine unaanza kuniombea."

Concilie aligundua kwamba bado ameshika mwiko, akauweka mezani taratibu. Jean-de-Dieu alikuwa analitazama ua lililokatika. Alipitisha kidole juu ya vidoti, kimoja kimoja, mpaka kwenye mchano, hapo kidole kikasimama.

"Nazaire angeniua," alisema.

"Angekuua, ndiyo," alijibu Diane.

Alichukua kipande cha ubao alichokuwa amekiandaa siku nyingi, akamkabidhi. "Shikilia hiki kwa ndani, nyuma ya bati, upande wa kulia wa komeo. Kaza. Usisogeze mkono, na usiseme kitu."

Concilie alishika kifua akingoja dari lianguke. Halikuanguka. Jean-de-Dieu alipiga magoti kwenye zulia, akaingiza mkono ndani ya sanduku la kaka yake, akaugandamiza ubao.

Diane hakumshukuru. Alipima kutoka kwenye komeo, akapima kutoka kwenye ua la kulia, akagonga alama kwa msumari ili biti isiteleze. Akatanguliza biti nyembamba. Kisha akafunga mti wake wa Krismasi, akadondosha tone la mafuta ya kupikia, akatoboa taratibu bila kusukuma, akiiacha biti ijitafutie njia kama anavyofanya kila siku ya kazi. Vipande vyembamba vya bati vilijikunja na kudondoka. Kidaraja cha kumi, cha kumi na mbili, cha kumi na nne. Kilipoingia cha kumi na sita aliachia, akapitisha tupa kidogo ukingoni, akaisukuma swichi kwa dole gumba. Iliingia ikabana. Akaikaza nati yake kwa nyuma.

"Lile la kwanza tulifunike," Concilie alisema kwa upole. "Nina stika ya Bikira Maria."

"Hakuna kufunika. Libaki hivyo hivyo, kila anayeingia humu alione."

Hapo simu ya Jean-de-Dieu ikaita. Alikuwa mke wake, Matumaini, kutoka Stafford. Jean-de-Dieu, akiwa bado chini kwenye zulia, aliipokea kwa spika kama kawaida yake, maana mtu huyu hajawahi kuwa na maongezi ya siri maishani mwake.

"Umefika salama? Umeshamtobolea mtoto?"

Diane alisimama akingoja. Alimjua baba yake mdogo, alijua sasa hivi atasikia jinsi kazi ilivyokuwa ngumu na jinsi ilivyopata mwenyewe. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni, limenolewa, na alikusudia kulipiga kwa sauti ya kufika Houston hata bila simu.

"Hapana," alisema Jean-de-Dieu. "Nimemharibia. Nimechana kazi ya kaka. Aliyetoboa ni Diane. Mimi nimeshika ubao."

"Umeshika nini?"

"Ubao, Matumaini. Ubao."

Diane alibaki na jibu lake mdomoni. Hasira ilikuwa bado nzima, haijapungua hata kidogo, lakini yule aliyestahili kupigwa nayo alikuwa ameshajipiga mwenyewe, na hilo nalo lilimuudhi.