Kopo la Wake Wenza

Vidonge vilimwagika juu ya sinia kwa kishindo cha mvua ya mawe kwenye bati. Kananu, aliyekuwa ameinua kikombe cha chai, alikirudisha chini bila kukionja.

"Ndivyo hivyo vyote," Hoda alisema, akiligonga kopo kwenye kitako ili hata kile cha mwisho kisijifiche. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, picha yake imefutika kwa kushikwashikwa. "Hesabu sasa, daktari. Kila siku unatuuliza kwa mdomo, leo umeamua kuuliza kwa macho."

Kananu hakuwa daktari, na Hoda alilijua hilo vizuri. Alikuwa mama wa Kimeru wa miaka hamsini na minne, mwenye magoti yaliyotangulia kustaafu kabla ya mwenyewe. Watafiti wa homa ya maziwa, ile inayoletwa na maziwa mabichi, walikuwa wamemwajiri azunguke mitaa ya Isiolo na mkoba begani, ahesabu vidonge vilivyobaki, ajaze fomu, aende nyumba ya pili. Kazi ya kuhesabu tu. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza, ila mtoto wa darasa la tatu asingestahimili jua lile.

"Chupa ziko wapi?" aliuliza. "Yenye namba yako, na yenye namba ya Ebla?"

"Chupa tulitia mafuta ya simsim. Zina kifuniko kizuri."

Kwenye mkeka kando ya ukuta, Ebla alicheka, kisha kicheko kikageuka kuwa kukohoa. Alikuwa amejifunika shuka mbili saa nne ya asubuhi, wakati mbuzi wenyewe walikuwa wanagombania kivuli. Homa ilikuwa imemrudia tangu Jumatatu. Ndiyo maana ofisi ilimtuma Kananu: chupa ya Ebla irudishwe, bahasha yenye siri ya chupa hiyo ifunguliwe kesho.

Hoda na Ebla walikuwa wake wa mume mmoja, Kulmiye, mtu wa malori, aliyekufa miaka sita iliyopita. Amekufa Kulmiye, haki yake haijafa. Enzi zake, akileta vitambaa viwili vilikuwa vya rangi moja. Akileta nyama, mizani ilitoka kabla ya kisu. Wajane wake waliirithi mizani hiyo pamoja na nyumba, wakaishi mtaa wa Chechelesi wakigawana kila kitu sawasawa: chumba, biashara ya maziwa ya ngamia, wajukuu, hata ugonjwa. Maana walipougua, waliugua mwezi mmoja, kwa maziwa ya kibuyu kimoja.

"Ulituambia wewe mwenyewe," Hoda aliendelea, akianza kupanga vidonge kumikumi kwa kidole, "kwamba moja ina dawa na nyingine labda ni unga tu. Nikamwangalia Ebla, Ebla akaniangalia. Nani ale unga? Mimi ndiye mkubwa, nimwachie mdogo dawa? Ama yeye aniachie, halafu afe, watu waseme nimemuua mke mwenzangu nipate nyumba? Tukamwaga zote hapa, tukakoroga. Mungu ndiye mgawaji."

"Mlikoroga lini?"

"Siku ile ile. Hata hukuwa umefika barabarani."

Utafiti wenyewe ulikuwa na swali moja, jepesi kulitamka, zito kulijibu. Homa ya maziwa hutibiwa kwa wiki sita za vidonge, lakini ina ukaidi wa mgeni aliyesahau kofia: huaga, kisha hurudi. Je, mgonjwa akiongezewa wiki sita nyingine, itakoma, au ni kumchosha tumbo bure? Basi wagonjwa wote walimeza dawa ile ile wiki sita za kwanza. Baada ya hapo kompyuta iliwapigia kura. Huyu akapata chupa yenye dawa, yule akapata chupa ya vidonge vitupu vyenye rangi na ukubwa ule ule. Nani kapata ipi hakujua mgonjwa, hakujua Kananu, hakujua hata daktari; siri ililala ndani ya bahasha zilizofungwa kwa gundi. Watu wenye shahada tatu tatu walikaa mwaka mzima wakiipanga kura hiyo isiwe na upendeleo. Hawakujua kwamba Chechelesi kuna nyumba yenye sheria yake ya upendeleo, tena ya zamani zaidi.

"Sitini na moja," Hoda alisema.

Kananu alifungua mkoba, akatoa fomu. Kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa wino wake mwenyewe, kulikuwa na ishirini na nane kwa Hoda na ishirini na nane kwa Ebla, hesabu aliyoitoa njiani kufikia leo. Hamsini na sita.

"Vinazidi vitano."

"Kuna siku tulikuwa harusini," Ebla alisema kutoka mkekani. "Huwezi kumeza dawa mbele ya bibi harusi. Ni kisirani."

"Na mbona mliniambia mmemeza vyote?"

"Walaal, dada yangu," Hoda alisema kwa upole, kana kwamba Kananu ndiye mgonjwa, "sisi hatukukuambia. Wewe ndiye ulikuwa unatuambia. Unasimama hapo mlangoni, unasema, 'Mama Hoda, leo vimebaki hivi na hivi, si ndiyo?' Tukasema ndiyo. Mgeni amechoka, amesimama juani, utamwambia hapana?"

Ukweli ukisemwa kwa adabu huuma mara mbili.

Uchovu hauvunji mlango. Hubisha hodi, hukaribishwa, mwishowe huwa ndiye mwenye nyumba. Mwanzoni Kananu alikuwa akiingia ndani, akiomba chupa, akimwaga vidonge kwenye kiganja na kuvihesabu kimoja kimoja, midomo ikichezacheza. Kisha likaja joto la Februari. Kisha goti la kulia. Siku moja alihesabu kwa kuitazama chupa tu, kiasi kikalingana. Siku nyingine akauliza mlangoni. Siku nyingine akapiga hesabu ya kutoa njiani, akafika kwa mtu tayari ana jibu lake. Kwenye fomu kulikuwa na mstari ulioandikwa *Chupa imeonekana?* na kisanduku kidogo mbele yake, naye alikuwa akikitia tiki kwa urahisi wa mtu anayejikuna. Nyumba thelathini na moja. Daktari Mwongera, kijana msimamizi wa utafiti, alimsifu mkutanoni mbele ya wenzake: "Nyumba za Mama Kananu hazina doa." Wakampigia makofi. Mtu mzima angejua kwamba nyumba isiyo na doa hata moja ni ile isiyokaliwa na watu.

Na si kwamba hakujali. Mumewe, M'Ikiara, alitibiwa malaria miaka miwili, akatibiwa homa ya matumbo mwaka wa tatu, na yote ilikuwa ni homa ya maziwa. Walipoijua, uti wa mgongo ulikuwa umeshaliwa. Leo anatembea ameinama, kama anayetafuta kitu chini ambacho hakikuanguka. Kananu aliomba kazi hii ili siku moja mtu ajue hasa dawa imezwe kwa muda gani. Alikuja kulitafuta jibu, kisha akawa analitunga.

"Sasa kuna shida gani?" Hoda aliuliza. "Si waandike hawa wawili walichanganya, watutoe?"

Kananu akaeleza, polepole, kwa sababu alikuwa anajieleza mwenyewe pia. Kesho bahasha ya Ebla ingefunguliwa. Ikionyesha chupa yake ilikuwa na vidonge vitupu, ataanzishiwa vidonge upya, yamekwisha. Lakini ikionyesha ilikuwa na dawa, daktari atasema dawa imemezwa na homa imerudi juu yake. Basi vidonge vimeshindwa, ahamie sindano. Sindano hizo hutibu, ila zina tabia ya kuonja masikio ya mtu zikipita. Ebla alikuwa amebakiwa na sikio moja. La kushoto lilikufa akiwa mtoto, kwa homa ya uti wa mgongo. Daktari alilijua hilo, na alisema hatagusa sindano isipokuwa bahasha imemlazimisha.

"Na bahasha haijui kopo," Ebla alisema.

"Haijui."

Nje mwanamke alikuwa akinadi nyanya.

Hoda ndiye aliyepata njia kwanza, maana wachuuzi wa maziwa huzaliwa na njia ya pili. "Andika tumechanganya jana. Sisi tutasema hivyo hivyo. Kuapa siapi, lakini kusema nitasema."

Kananu alicheka, kicheko cha kwanza siku hiyo, na kwa nukta mbili tatu aliupenda uongo ule. Ulikuwa uongo mdogo, safi, umeoshwa na kukunjwa. Ungemtoa yeye nje ya jambo zima: alikuja, akahesabu, akagundua, akaripoti. Angepigiwa makofi tena. Kisha akaufuata hadi mwisho wake, kama mtu anavyofuata mfereji kuona unamwaga wapi. Kama walichanganya jana, basi kabla ya jana Ebla alikuwa akimeza chupa yake mwenyewe. Basi bahasha inasema kweli. Basi sindano.

Uongo ungemfaa Kananu. Sikio la Ebla ungeliacha kwenye kura. Ukweli nao ulikuwa na bei yake: kuuliza walichanganya tangu lini ni kuuliza fomu ziliandikwa na nani.

Alitoa simu. Akampigia Mwongera.

"Daktari, habari ya kazi. Niko kwa kina Mama Hoda."

"Nzuri, Mama. Umepata chupa?" Sauti ya Mwongera ilikuwa ya mtu anayetafuna.

"Hakuna chupa. Walimwaga zote mbili kwenye kopo moja, wakawa wanachota humo."

Kutafuna kukakoma. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Haiwezekani. Nina fomu zako hapa. Wiki nne zote umeona chupa."

"Fomu niliandika mimi, daktari. Chupa sikuona."

Hoda alikuwa ameshika kidole juu ya kidonge cha sitini na moja, hakisogezi. Ebla alikuwa amegeuza kichwa, sikio lake zima juu.

"Mama Kananu." Pumzi. "Na nyumba zile zingine?"

Hapo palikuwa na nafasi bado. Mtu akitaka kujificha, hata kivuli cha sindano kinamtosha. Angeweza kusema ni nyumba hii tu, nani angejua? Aliyatazama magoti yake, akayaona yamezeeka kwa kazi ambayo nusu yake hakuifanya.

"Hizo pia. Tangu Februari."

Mwongera hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Mtu hukasirikiwa, hukasirika naye, mambo yakasonga. Sauti yake ilikuwa imezeeka miaka kumi.

"Ebla asimeze kitu kutoka kwenye hilo kopo. Aletwe kesho saa mbili. Hatutaamini bahasha, tunampima, tunaanza vidonge upya. Sindano sahau kwanza." Karatasi zilisikika zikifunuliwa, moja, nyingine, nyingine. "Wewe, Mama... njoo Jumatatu. Ulete mkoba na kitambulisho cha kazi. Nitalazimika kuandika barua."

"Sawa, daktari."

"Mimi nilikusifu mbele ya watu," alisema, kwa mshangao zaidi kuliko hasira, na simu ikakatika.

Hoda akaanza kuvirudisha vidonge koponi, kisha akakumbuka, akavitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga fundo. "Umefukuzwa?"

"Bado. Nimeambiwa Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi. Basi kunywa chai."

Ebla alijiinua kwa kiwiko. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho, lakini macho yalikuwa na utundu wa msichana. "Niambie kitu kimoja. Mimi nilikuwa nameza dawa ama unga?"

"Labda nusu na nusu, Mama Ebla. Sote hatujui."

"Na huyu?"

"Yeye pia."

Ebla alimtazama Hoda, akajilaza tena ameridhika. "Si unaona? Hakuna aliyedhulumiwa."

Kananu alimaliza chai. Alipotoka, jua lilimpokea kwa kofi. Pikipiki mbili zilipunguza mwendo, madereva wakamwita mathe, yaani mama, panda twende. Akazipungia mkono zipite. Kwenye orodha yake kulikuwa bado na jina moja la siku hiyo, kule mtaa wa Wabera. Angeweza kwenda nyumbani, amwambie M'Ikiara, avue viatu. Hakuna aliyemtuma tena. Hakuna ambaye angeiamini fomu yake sasa, hata akiiandika kwa damu. Miguu haikuulizwa maoni; ilishika njia ya Wabera.

Abdiladif, dereva mstaafu, alikuwa ameketi kibarazani mwa duka la mwanawe, mswaki mdomoni. Alimwona kwa mbali, akainua mkono.

"Salaam aleikum, mzee," Kananu alisema.

"Waaleikum salaam! Umechelewa leo, nilidhani umeolewa tena. Andika, andika twende: sijaruka hata siku moja. Vimebaki kumi na vinne, si ndiyo?"

Kananu alivuta kigoda, akaketi. Mara ya kwanza kwa miezi kuketi pale. Akaweka mkoba magotini, lakini kalamu hakuitoa.

"Leta chupa, mzee."

"Chupa?"

"Ndiyo. Leta tuhesabu."

Abdiladif alitoa mswaki mdomoni. Alimtazama huyu mama wa siku zote, akatazama barabara, akamtazama tena, kama anayetafuta mahali utani ulipojificha.

"Kwani kuna nini leo?"

"Hakuna kitu. Nitangoja."

Mzee aliinuka, akaingia ndani. Kananu akakaa akisikiliza kabati likifunguliwa na kufungwa, kisha droo, kisha kabati tena.