Mpaka Baba Aseme Imefika

Asubuhi ile ya Jumanne kipimo cha sukari kilisema kumi na nne nukta mbili, na mimi nikasema kimeharibika. Nikamchoma Baba kidole cha pili. Kumi na nne nukta moja. Nikataka cha tatu, Baba akauficha mkono chini ya shuka na kuniambia vidole ni vyake, kama nina hamu ya kuchoma nichome vyangu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Daktari wa macho alishatuambia wazi, bila kupepesa: mtoto wa jicho atamtoa Alhamisi ya wiki inayofuata, lakini sukari ya asubuhi ikizidi kumi hamgusi mtu, na nafasi nyingine ni mwakani. Mwakani! Baba yangu ni fundi saa. Kwa miezi mitano meza yake ya kazi ilikuwa imefunikwa kitambaa, naye anakaa kando yake akipapasa skrubu kwenye kisahani, anazipanga kwa ukubwa, anazivuruga, anaanza tena. Mtu aliyekuwa akiona jino lililovunjika kwenye gurudumu dogo kuliko punje ya mtama, sasa alikuwa akinisalimia mimi akidhani ni wifi yangu. Kumngojesha mwaka mwingine gizani nilikuona ni sawa na kumzika akiwa anapumua.

Mimi sina subira, nakiri. Kazini wananiita Nukta. Nipo kwenye kiwanda cha uchapaji, nasoma kurasa kabla hazijakwenda mtamboni, na nimewahi kusimamisha mtambo mzima kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana. Kazi yangu ni kuyaona makosa ya watu, na nisiwe mnafiki, naifurahia. Huko ndiko nilikokipata kile kijitabu cha vitafunio vya afya. Kilipita mezani kwangu, nikabeba nakala moja iliyokatwa vibaya. Biskuti bila sukari wala unga mweupe: oti, karanga zilizokaangwa, ufuta, ndizi mbivu, tende, asali kidogo, mdalasini. Nilikiona kimeshushwa na Mungu mwenyewe, maana Baba alipokatazwa sukari aligoma kunywa chai ya jioni, na alipogoma chai akagoma na kuongea. Chai na biskuti za Mama ndivyo vilivyokuwa jioni yake kwa miaka arobaini. Mama ametutoka miaka minne sasa.

Kwetu jikoni hapajawahi kuwa na mizani wala kikombe cha kupimia. Mama alikuwa akimega donge la unga aliokanda, anamwekea Baba kiganjani. Baba anafumba macho, anatafuna polepole, anasema "bado" au "imefika". Kabla hajasema imefika, trei haiingii kwenye oveni hata kama kuna wageni sebuleni wanaosinzia kwa njaa. Nami nilipoanza biskuti zangu za afya nikafuata utaratibu huohuo. Baba akaonja, tukarekebisha, akaonja tena, mpaka siku moja akafumbua macho yaliyokuwa hayaoni kitu na kusema, "Hii imefika, binti yangu. Imefika kabisa." Nililia pale pale, mikono imejaa unga wa karanga.

Wiki tatu alikula zile biskuti, nne kila jioni. Wiki tatu sukari ilikuwa ikipanda. Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu angefikiri nini? Nilijua kuna mkono nyumbani mle unampa Baba sukari kwa siri.

Na mikono ilikuwa miwili tu, wangu na wa wifi yangu. Kaka yangu ni dereva wa malori, anaonekana nyumbani kama mgeni, na mkewe hushinda na Baba akishona mapazia ya watu kwenye chumba cha mbele. Ni mpole kupita kiasi, na watu wapole huwa nawatilia shaka. Jumanne hiyo sikwenda kazini mpaka saa nne. Nilipekua mifuko ya makoti yote ya Baba, nikainua godoro, nikachungulia kwenye droo za meza ya saa mpaka nikamwaga kopo zima la springi. Kisha nikaingia chumba cha mbele.

"Wifi, naomba mkoba wako."

Akaacha kushona. "Wa nini?"

"Nipe tu."

Hakunipa. Niliuchukua mwenyewe kutoka kwenye kiti, nikaukung'uta juu ya pazia la mteja. Zikadondoka funguo, leso, kitana, na pipi mbili za mnanaa. Nikazinyanyua juu, utadhani nimekamata dhahabu ya wizi.

"Hizo ni zangu," akasema. "Vumbi la vitambaa linaniwasha koo."

"Kumbe! Na Baba naye anawashwa koo?"

Baba alikuwa mlangoni, ameshika ukuta. Sikujua kafika saa ngapi. Wifi akaanza kuokota vitu vyake kimoja kimoja, kisha akasema bila kuniangalia, "Kuna jambo nataka nikwambie kuhusu zile biskuti."

"Biskuti niachie mimi," nikamkata. "Wewe shona mapazia."

Kazini siku hizo sikufaa kitu. Nilipitisha kurasa mbili zenye nambari moja, jambo ambalo kwa mwenzangu ningelisema mwezi mzima. Nilikuwa naamka, nakwenda dirishani, narudi, napiga simu nyumbani. "Amekula nini?" "Amekula ulichomwachia," wifi ananijibu, na simu inakatwa. Jumatano kipimo kilisema kumi na nne na nusu. Alhamisi hivyo hivyo. Nikaanza kufunga kabati la jikoni kwa ufunguo na kutembea na ufunguo shingoni.

Ijumaa tulimpeleka zahanati. Wifi alikuja kwa sababu Baba hakubali kushikwa mkono na mimi barabarani, anasema namburuta. Nesi alikuwa mwanamama wa makamo, miwani kifuani kwa kamba, sauti ya mtu aliyeshazoea uongo wa wagonjwa. Akapima. Kumi na tano.

"Mzee anakula nini?"

Nilikuwa nimekuja na orodha iliyoandikwa kwa kalamu mbili, nyeusi kwa chakula na nyekundu kwa saa. Nikamsomea yote. Kisha nikakodolea macho bango la ukutani na kusema, "Ila dada nesi, kuna mtu nyumbani anampa sukari kwa mlango wa nyuma."

Nesi akaivaa miwani yake.

"Hizi biskuti za jioni zina nini?"

"Za afya. Hazina sukari hata chembe. Tende sita kwa trei nzima na kijiko kimoja cha asali." Nilikisoma kijitabu kichwani, neno kwa neno.

"Ishirini na mbili," akasema wifi.

Nikageuka. "Nini ishirini na mbili?"

"Tende. Mimi ndiye ninayetoa kokwa, wifi. Ulianza na sita. Baba akasema bado, ukaniambia niongeze nne. Akasema bado, ukaniambia sita nyingine, halafu sita tena. Na asali siku hizi ni kikombe, siyo kijiko. Ndizi nne zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi." Alisema taratibu, bila kiburi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nesi akaweka kalamu chini. "Nani huyo anayesema bado?"

Baba akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi.

"Bado nini, mzee wangu?"

"Bado haijafika utamu wa mama yao."

Nesi alivua miwani, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, na nadhani alikuwa anachagua kati ya kucheka na kutufukuza. "Basi," akasema, "sukari yote mliyoitoa mmeirudisha, mkaibadilisha nguo tu. Tende ni nzuri, asali ni nzuri, lakini zikijaa hivyo mwili haujali zimetoka duka gani. Mmempimia mgonjwa kwa ulimi wa mgonjwa." Akatuandikia: tende sita, asali hakuna, ndizi moja, kipande kimoja kwa siku, matembezi ya nusu saa asubuhi na jioni. Akapiga mstari chini ya neno "kimoja".

Nilitamani sakafu ipasuke. Mimi, ninayelipwa kwa kuona makosa ya wengine, nilikuwa nimelipika kosa langu kwa mikono yangu, nikalipanga kwenye sahani, nikalitolea machozi ya furaha.

Njiani wifi alitangulia na Baba. Niliwafikia penye kivuko cha barabara.

"Wifi, nimekukosea."

"Umeukung'uta mkoba wangu mbele ya baba mkwe," akasema. "Siku tatu nashona mapazia yanapinda kwa hasira."

"Kwa nini hukunieleza?"

Akasimama, akanitazama. Sikungoja anikumbushe. Nikauvua ule ufunguo wa kabati shingoni, nikampa. Aliupokea bila kusema asante, na sikuistahili. Hatua kadhaa mbele akasema, "Kuanzia leo tende nazihesabu mimi, na wewe usiongee."

Jioni hiyo Baba aliletewa donge kiganjani. Akafumba macho. "Bado," akasema. Wifi akaniangalia, mimi nikaitia trei kwenye oveni. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kitu kiliokwa bila ruhusa yake. Kilipoiva akakisukuma. Jumamosi akakisukuma, Jumapili pia. Akanywa chai kavu, uso umekunjamana, akarudia skrubu zake. Matembezini alinung'unika kwamba namkimbiza utadhani tumeiba. Lakini namba zilikuwa zikishuka: kumi na mbili na nusu, kumi na moja nukta tatu, kumi na moja kamili. Jumatano asubuhi, kumi nukta mbili.

Kumi nukta mbili haipasuliwi. Siku hiyo niliosha sufuria safi. Nilipanga viatu, nikavipangua. Nilimwomba wifi anipe hata pindo la pazia nishone, akaninyang'anya sindano baada ya dakika mbili. Jioni tuliporudi kutoka kutembea, mzunguko mara mbili ya kawaida, Baba aliketi mezani na kusema, "Leteni hiyo takataka yenu."

Wifi akaweka kipande kimoja kwenye sahani. Baba akakimega, akatafuna, macho amefumba.

"Bado," akasema.

"Haitafika, Baba," nikasema. "Hata tukijaribu mwaka mzima, haitafika."

"Mama yako hakunipimia kipande kimoja."

Ulimi wangu haujawahi kuwa na breki. "Ndiyo maana macho yako yako hivyo."

Nikasikia wifi akivuta pumzi. Nilitaka kulirudisha lile neno na lilikuwa limeshafika. Baba hakukasirika. Alikipapasa kile kipande sahanini, akazunguka pembe zake kwa kidole, jinsi anavyoshika saa ambayo hajaifungua.

"Najua," akasema. "Nilijua hata yeye akiwa hai. Na angekuwepo leo ningekula tena." "Miaka minne, kila nikionja, namtafuta. Zile zako za tende, binti, nilimpata. Nilimpata kabisa. Ndiyo maana nilikuwa nakula nne."

Kwa mara ya kwanza wiki ile miguu yangu haikutaka kwenda popote.

"Basi nachagua nini?" akauliza. Aliuliza kweli, akitugeuzia uso, kwanza upande ambao hatukuwepo, kisha upande wetu. Hatukumsaidia. Akakila kile kipande mpaka mwisho, polepole, bila kufumba macho.

Alhamisi alfajiri nilishindwa kumchoma. Wifi ndiye aliyemshika kidole, akakibinya, akaweka tone la damu kwenye kipimo, na mimi nikasimama nimeupa uso ukuta.

"Nane nukta tisa," akasema wifi.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameshainama kitandani, anatafuta viatu vyake kwa mikono.