Shilingi Mbili za Leodegar

Didas alirudi na kapu la boflo limejaa nusu, akalitua mlangoni. Kabla Mwanakombo hajamuuliza mikate ile inafanya nini ndani ya kapu saa mbili ya asubuhi, wakati wateja wa Keko wameshakunywa chai kavu, akasema, "Wamemchukua Leodegar."

"Kina nani wamemchukua?"

"Askari wa kodi, bibi. Pale njia panda. Wameziba huku na huku, kila mwanamume atoe risiti. Mie nilikuwa nyuma, nikakata mashambani."

"Hakuwaambia kwamba anakatwa kodi kazini?"

"Kawaambia. Wakamwambia aonyeshe karatasi. Akasema karatasi iko kwa bibi yake, wakacheka mpaka mmoja akavua kofia." Didas alijifuta jasho kwa mkono uliojaa unga. "Wanasema ni mhuni wa mjini. Watamrudisha kwao Songea. Lori linaondoka saa nane mchana."

Mwanakombo binti Pazi hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kukasirika polepole, kama tanuri la udongo: linachelewa kupata moto, lakini likishaupata usilisogelee. Alitazama magogo yaliyopangwa kando ya ukuta na karai la unga uliokuwa ukiumuka chini ya kitambaa. Unga ule ulikandwa na Leodegar. Hapa Temeke kulikuwa na watu wengi wa kuchoma mikate ya kumimina, lakini boflo la kuumuka, lenye ganda linalolia ukilikata, alilijua Leodegar peke yake. Alijifunza kwa mabruda wa misheni huko kwao, alipokuwa mpishi wao miaka saba. Bila yeye, tanuri lile lililojengwa kwa bangili za marehemu mama yake Mwanakombo lingebaki kichuguu cha kuotea jua kuku.

Tena huyo mtu kodi alikuwa amelipa. Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyemkata.

Mambo yalianza mwezi wa pili. Jumbe aliita watu, akasimama juu ya kiti akasema kwamba kuanzia sasa kila mwenye duka, karakana au biashara yenye vibarua atakata kodi ya watu wake kwenye mshahara, shilingi mbili kila mwezi, miezi kumi, mpaka zitimie ishirini. "Kateni, wekeni," alisema jumbe. Mtu mmoja akauliza ziwekwe wapi. Jumbe akamwambia asimfanyie utani, akashuka kwenye kiti. Mkutano ukaisha.

Mwanakombo alikuwa na watu watatu: Leodegar, Didas na Mfaume. Akakata. Kila mwisho wa mwezi aliwakalisha wote watatu mkekani, akawahesabia mshahara mmoja mmoja mbele ya wenzake ili wawe mashahidi, akarudisha shilingi mbili mbili upande wake, akaandika kwenye daftari. Shilingi sita. Ziwekwe wapi? Nyumba yake ilikuwa na wifi, watoto wa wifi, na jamaa wa marehemu mumewe waliokuja kuhani msiba mwaka juzi na hadi leo hawajaona njia ya kurudi. Pesa ikikaa chini ya godoro humo, haifiki Ijumaa. Basi akafanya alivyofanya mama yake na mama wa mama yake kila walipopewa amana: aliiingiza kwenye upatu.

Ulikuwa upatu wa Tabu, wa Keko: wanawake kumi, shilingi sita kila mtu kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea mkono wa shilingi sitini. Mwanakombo aliomba mkono wa kumi, wa mwisho, ambao kila mtu anaukimbia. Ungemwangukia mwezi wa kumi na mbili. Watu watatu, shilingi ishirini kila mmoja, sitini. Hesabu ilikaa sawasawa mpaka akacheka peke yake usiku ule. Kodi tangu azaliwe alikuwa akiona ikilipwa mara moja kwa mwaka. Nani angemwambia vingine?

Alichukua daftari, akajitanda kanga ya pili, akaenda mjini kwa miguu.

Ofisi ya kodi ilikuwa na foleni mbili, moja ya kulipa na moja ya kulia shida. Uani, nyuma ya wavu, wanaume kumi na wanne walikuwa wamechuchumaa juani. Leodegar alikuwa wa tatu kutoka mwisho, nguo nyeupe kwa unga. Alimwona, akainuka nusu, askari akamwambia kaa.

Karani aliitwa Gozbert. Alikuwa kijana wa Bukoba, soksi zimepandishwa hadi magotini, kalamu mbili mfukoni. Mwanakombo angeweza kumzaa. Alisubiri shikamoo ambayo haikuja.

"Shida gani, mama?"

"Nimemfuata mtu wangu. Leodegar. Anachoma mikate kwangu Temeke. Kodi yake namkata kila mwezi."

"Vizuri. Na risiti zake?"

"Risiti utatoa wewe nikileta pesa, mwezi wa kumi na mbili."

Gozbert aliweka kalamu chini. "Nani alikwambia mwezi wa kumi na mbili? Mwajiri anakata mwisho wa mwezi, na kabla ya tarehe kumi analeta hapa, pamoja na orodha ya majina, nakala mbili. Ni sheria. Tangazo limebandikwa tangu Januari."

"Limebandikwa wapi?"

"Hapo ukutani nyuma yako."

Mwanakombo aligeuka. Ukuta ulikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, imeanza kuwa njano pembeni. Aliitazama juu mpaka chini.

"Kwa lugha gani hii?"

"Ya serikali."

"Mie sikuuliza ya nani. Nimeuliza mtu wa Temeke ataisoma kwa lugha gani?"

"Mama, mimi sikuiandika."

"Umeibandika."

Foleni ya kulia ilinyamaza kusikiliza. Gozbert aliona, akapunguza sauti. "Sasa tufanye hivi. Una ushahidi wowote kwamba ulimkata? Karatasi yoyote? Kama umemkata, yeye hana kosa, namtoa sasa hivi. Kama huna, lori ni saa nane, na mimi nina watu."

Mwanakombo aliliweka daftari mezani, akalifungua. Gozbert alilivuta, akaligeuza, akaligeuza tena, akatabasamu.

"Hii nini? Hirizi?"

"Hesabu."

"Haya ni maandiko ya msikitini, mama. Hapa si msikitini."

"Hicho ni Kiswahili."

"Kiswahili kinaandikwa hivi." Aligonga taipureta yake kwa ukucha.

Hapo tanuri likapata moto.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Mwanakombo, na sauti yake ilifika mpaka uani. "Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo wakati hiyo taipureta yako ilikuwa bado chuma mlimani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Amefundisha watu kuandika mikataba, talaka, barua na mashairi, vyote kwa Kiswahili, vyote kwa hizo unazoziita hirizi. Mmekuja juzi mmetugeuza wajinga katika lugha yetu wenyewe. Usiposoma wewe, mjinga mie?"

"Mama, usinitukane kazini kwangu."

"Sijakutukana bado!"

Mtu mmoja kwenye foleni alisema, "Mwache aseme," na mwingine akamwambia nyamaza, watatufungia dirisha.

Mlangoni alikuwa amekaa tarishi wa ofisi, Mzee Hija, kofia nyekundu gotini, mtu wa Mtoni tangu enzi za Wajerumani. Mwanakombo alimgeukia. "Shikamoo, mzee. Unasoma?"

"Marahaba, Binti Pazi. Baba yako ndiye aliyenichapa mpaka nikajua." Aliinuka, magoti yakilia. "Bwana Karani, naomba ruhusa."

Gozbert aliinua mabega. Mzee Hija alilichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya darasani, polepole:

"Mwezi wa tatu. Leodegar, mpishi, mshahara shilingi hamsini na tano, imekatwa mbili kwa kodi ya serikali. Didas, mshahara thelathini na tano, imekatwa mbili. Mfaume, thelathini na tano, imekatwa mbili. Jumla sita. Mashahidi, wao kwa wao." Akafunua. "Mwezi wa nne. Leodegar…"

Alisoma miezi mitano. Gozbert alisikiliza akiwa ameegemea kiti, na alipomaliza akapiga makofi mara mbili.

"Nimeelewa. Sasa, mama, nitajuaje kwamba hukuandika yote haya leo asubuhi? Mpishi wako amekamatwa, ukakaa chini, ukachora. Wino ni wino. Kila siku naletewa hadithi za namna hii."

Mwanakombo alitazama saa ya ukutani. Saa sita na nusu. Alilitazama tena daftari mkononi mwa Mzee Hija, akaona dole gumba la mzee limefunika mstari wa chini kabisa wa ukurasa. Mzee alikuwa ameuona. Kila mwezi, chini ya jumla, kulikuwa na mstari huo, na kila mwezi mzee alikuwa ameuruka kimya kimya.

"Mzee, hujamaliza," alisema.

"Nimemaliza, mwanangu."

"Mstari wa chini."

"Huo hauna haja."

"Usome."

Mzee Hija alimkazia macho, kama anayemvuta mtu ukingoni mwa kisima. "Binti Pazi, huo ukisomwa hapa, haurudi kitabuni."

"Nimeuandika mie. Usome!"

Mzee akasoma, safari hii bila sauti ya darasani. "Sita hizi zimeingia upatu wa Tabu wa Keko. Mkono wangu ni wa kumi, mwezi wa kumi na mbili. Nikifa kabla, mkono huo ni kodi ya watu wangu, si urithi."

Tabasamu la Gozbert liliondoka. Alikaa wima, akachukua kalamu.

"Kodi ya serikali umeicheza upatu?"

"Nimeiweka. Mliniambia kata, weka. Nikaweka mahali ambapo hata mie siwezi kuigusa."

"Miezi mingapi?"

"Mitano. Shilingi thelathini. Sasa niambie, Bwana Karani: kuna mtu anakaa chini asubuhi kutunga uongo wa kujifunga mwenyewe?"

Gozbert alisukuma kiti, akainuka. Alichukua daftari, akaingia mlango wa ndani kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Kupitia mlango zilisikika sauti mbili, kisha kicheko kimoja, cha Kizungu, kirefu. Mwanakombo alisimama akikisikiliza. Alihisi kicheko kile kinamwingia masikioni kama maji machafu, na hakuwa na pa kukitemea.

Gozbert alirudi na karatasi mbili. Moja, ya kumtoa Leodegar, aliipeleka uani. Ya pili aliisoma: kodi iliyokatwa, shilingi thelathini, faini ya kuchelewesha, shilingi thelathini, zote zifike dirishani kabla ya Ijumaa saa sita, na zisipofika, mwajiri atashtakiwa. Na kuanzia mwezi huu, orodha kila mwezi kwa herufi za Kirumi, nakala mbili.

"Nani ataiandika hiyo orodha?"

"Wewe, mwajiri."

"Kwa mshahara gani?"

"Mshahara wa nini?"

"Wa ukarani! Nakata mie, nahesabu mie, naandika mie, naleta kwa miguu mie, na nikikosea nafungwa mie. Wewe unakaa hapo na soksi zako unalipwa. Serikali yako imeniandika kazi bila kuniambia, na mshahara wenyewe ni faini."

"Mama," alisema Gozbert, na kwa mara ya kwanza alionekana mchovu, "mimi pia nakatwa."

"Basi ungeniamkia!"

Alichukua daftari lake akatoka.

Leodegar alikuwa anamngoja barabarani, anavaa mkanda waliomrudishia. Mwanakombo alitarajia neno. Walitembea mpaka mtaa wa Gerezani. Hatimaye Mwanakombo alishindwa kungoja.

"Hata ahsante?"

"Ahsante ya nini, bibi?" Leodegar alisimama. Hakuwa mtu wa sauti, na hakuipandisha hata sasa. "Kule uani tumesikia kila kitu. Nimechuchumaa juani saa tano nzima, askari ananiita mhuni, mke wangu hajui niko wapi, kumbe shilingi zangu ziko Keko zinamnunulia mtu kitanda."

"Ningezipeleka zote mwezi wa kumi na mbili! Nimejifunga kwa ajili yako mbele ya watu!"

"Umejifunga kwa kosa lako. Mie nilikuwa nimefungwa kwa kosa lako pia. Hayo hayana ahsante."

Mwanakombo alitaka kumwambia kwamba kosa si lake, ni la jumbe aliyeshuka kwenye kiti, ni la karatasi ile ya ukutani, ni la yule aliyecheka ndani. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini mtu aliyesimama mbele yake hakukatwa na jumbe. Alikatwa na yeye, mkekani, mbele ya mashahidi, na hakuwahi kumwambia pesa inakwenda wapi.

"Unaacha kazi?" aliuliza, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Sijui. Leo ni Jumatano. Nitajua Ijumaa saa sita." Akafunga mkanda. "Sasa twende huko kwa Tabu."

"Nitakwenda peke yangu. Mkono wa mwezi huu ni wa Tabu mwenyewe. Nikimwomba anipishe nichukue mie hizo sitini, atanitukana mpaka majirani watoke. Si mambo ya kusikilizwa na mwanamume."

"Atutukane wote wawili."

"Leodegar, nimesema nitaleta."

"Ulisema pia mwezi wa tatu."

Mwanakombo aliikaza kanga kifuani, kwa hasira, na akashika njia ya Keko, na Leodegar akamfuata. Walipofika, alisimama mbele ya mlango wa Tabu, akivuta pumzi na kupanga maneno, na hakuna hata moja lililokaa sawa.

"Piga hodi, bibi," alisema Leodegar nyuma yake.

Akapiga.