Mifuko Chini ya Macho

Zilibaki siku tisa kabla ya picha za majaribio, na msomaji wa taarifa ya jioni alikuwa ameshajitazama katika kila kitu kinachong'aa: kioo cha lifti, dirisha la gari la jirani, mgongo wa kijiko. Mhariri mkuu hakumung'unya maneno.

"Siku hizi unaonekana umechoka. Watazamaji wanapiga simu. Majaribio yakienda vibaya, kiti atakikalia mwingine."

Kiti hicho alikuwa amekikalia miaka kumi na mmoja.

Hakuwa mtu wa kulia. Alichukua karatasi akaigawa safu nne: njia, inatibu nini, inadumu kiasi gani, inaweza kuharibu nini. Krimu: haina hatari kubwa, lakini hutaka majuma mengi na haigusi uvimbe. Leza: hukaza ngozi, ila ngozi nyeusi huweza kubaki na mabaka. Upasuaji: huondoa mafuta, hudumu miaka, lakini uso huvimba na kuvilia damu kwa wiki mbili. Sindano ya jeli: hujaza bonde la chini ya macho kwa nusu saa, na uvimbe wake huisha ndani ya siku chache. Mara chache sana jeli huingia kwenye mshipa wa damu na mtu akapofuka. Neno hilo la mwisho alilirudia mara nyingi kuliko mengine yote. Kisha akahesabu tena zile siku tisa, akapiga simu kuomba miadi ya sindano.

Dada yake mkubwa, mshonaji, aliisoma karatasi huku pini amezibana midomoni. Akazitoa moja moja.

"Mdogo wangu, ukoo mzima tunatembea na mizigo chini ya macho. Wewe unataka kuutua wako peke yako?"

"Dada, mimi ndiye ninayeonekana kwenye televisheni."

"Haya, nenda. Ila muulize huyo daktari kama ana kitambaa cha akiba. Mimi nikiharibu gauni, nanunua kingine."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Alimpa kioo cha mkononi, akazima taa ya darini, akawasha tochi. Mwanga ulipotoka mbele, chini ya macho palikuwa karibu tambarare. Alipoinua tochi juu ya kichwa, mifuko miwili ikajitokeza.

"Rangi ya ngozi haina neno," daktari alisema. "Ingekuwa rangi, isingepotea. Hiki ni kivuli. Una mafuta kidogo, na bonde kidogo chini yake. Sindano inaweza kusaidia. Mifuko ilianza kuonekana lini?"

"Mwezi wa tatu. Ndipo mhariri alipoanza kulalamika."

"Mafuta haya hayaji kwa mwezi mmoja. Unayo miaka mingi."

Msomaji akainuka kwenye kiti. "Naomba sindano isubiri."

Alitembea hadi kituo cha televisheni kwa hatua za haraka, akapanda ngazi mbili mbili, akaomba picha za taarifa zilizohifadhiwa. Ile ya mwisho wa mwezi wa pili: uso safi. Ile ya mwanzo wa mwezi wa tatu, siku nne baadaye: mifuko. Studio ile ile, taa zile zile. Alizirudisha nyuma na kuzipeleka mbele, akatafuna ncha ya kalamu, akazirudisha tena. Mara ya saba aliacha kutazama uso, akatazama meza. Katika ya kwanza, mbele yake zilitandazwa karatasi nyeupe za habari. Katika ya pili kulikuwa na kishikwambi cheusi juu ya meza nyeusi. Kuanzia mwezi wa tatu, kituo kilikuwa kimeacha kuchapa.

Alimwita mpambaji wa nyuso wa studio, ambaye wote humwita Poda, akamwonyesha.

"Kumbe!" Poda alishika kiuno. "Miaka yote najisifu kwa mkono wangu, kumbe karatasi ndizo zilikuwa zinakumulika kwa chini! Usimwambie mtu, nitakosa kazi."

Siku ya majaribio msomaji alitandaza mezani karatasi kumi. Sauti ya mhariri mkuu ikatoka kwenye spika.

"Hizo za nini? Tulishaacha kuchapa."

"Hazina kitu. Ni tupu."

Kamera ikamsogelea hadi chini ya macho.

"Mifuko haionekani. Ulienda kliniki?"

"Nilienda. Sikuguswa."

Kamera ikashuka hadi kwenye karatasi, ikarudi usoni. "Usiziondoe. Kiti bado chako. Kesho jioni unasoma."

Msomaji alimpigia daktari, akafuta miadi, akaingia kwenye lifti. Taa ilikuwa darini, na kiooni mifuko yote miwili ilikuwapo. Akachomoa mkobani karatasi moja tupu, akaishika chini ya kidevu: mifuko ikapotea. Akaishusha: ikarudi. Akaiinua tena, na mlango ukafunguka mbele ya watu watano waliokuwa wakisubiri kupanda.